Kivuko cha George Black, Dawson City: tathmini ya mtu aliyekwenda kutazama tu

Huduma ninayoitathmini haiuzi tiketi, haina mlango wa kuingilia wala mtu wa kumkaribisha mgeni, na wanaoifanya wana mambo mazito ya kufikiria kuliko mtazamaji aliyesimama ukingoni na kamera yake. Ni kivuko kiitwacho George Black, ambacho huvusha watu na magari katika Mto Yukon pale Dawson City, kaskazini-magharibi mwa Kanada, na ambacho serikali ya Yukon hukiendesha bila kutoza nauli. Wageni wengi hukitumia kuvuka tu, wakaendelea na safari zao. Mimi nilikwenda kukitazama, mara ya kwanza mwanzoni mwa Julai na mara ya pili kwa siku sita katikati ya Oktoba, na sioni sababu ya kumficha msomaji maoni yangu hadi mwisho: mwenye nafasi ya safari moja tu na aiache Julai, aende Oktoba, na afungashe nguo nzito.

Dawson iko kwenye latitudo ya digrii 64 kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Whitehorse, mahali ambapo Mto Klondike unamwaga maji yake katika Mto Yukon. Dhahabu iliyopatikana katika kijito kimoja cha Klondike mwezi Agosti 1896 iliuleta umati wa watu wapatao 30,000 katika bonde hili kufikia 1898, kisha wengi wao wakatawanyika upesi kama walivyokuja. Leo ni mji mdogo ambao mgeni anaweza kuuzunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mto hapa hauna daraja. Barabara kuu itokayo kusini hufika ukingo wa mashariki ikaishia majini, na ng'ambo ya pili huanza barabara nyingine, iitwayo Top of the World, ambayo hupita juu ya migongo ya vilima hadi mpakani na Alaska. Kinachoziunganisha barabara hizo mbili ni chombo kimoja cha chuma kilichoundwa 1967, chenye sitaha bapa ya kubebea magari, daraja la kuteremshia huku na huku ili magari yapande na kushuka, na kibanda cha nahodha kilichoinuliwa juu ili aone vizuri. Tangu barafu iondoke mwezi Mei hadi irudi mwezi Oktoba, chombo hiki hufanya kazi mchana na usiku, saa 24, isipokuwa muda mfupi wa matengenezo kila juma.

Jina lake ni la kamishna wa zamani wa Yukon, ambaye baadaye alikuwa mbunge na hata Spika wa Bunge la Kanada. Mkewe, Martha Black, naye aliingia katika bunge hilo mwaka 1935 akiwa anakaribia umri wa miaka 70, na kama ningeulizwa mimi, chombo kinachofanya kazi bila kulala kingepewa jina la mama huyo.

Julai niliyoiona haikuwa mbaya. Jua lilikuwa linazama baada ya saa 6 usiku, na hata likizama giza halikuingia. Nilivuka usiku wa manane nikiweza kusoma gazeti sitahani bila taa. Lakini Julai ni mwezi wa magari-nyumba. Yanatoka Alaska au yanakwenda huko, moja nyuma ya jingine, marefu kama mabasi, na kwa kuwa kivuko hubeba magari machache kwa safari moja, foleni yake ukingoni huwa ndefu. Mtazamaji huishia kutazama foleni. Wenye magari hutoka, hukunjua viti, huanza kuzungumza habari za matairi na bei ya mafuta, na mto unasahaulika. Kazi ya mabaharia wakati huo ni ile ile kila baada ya dakika chache: kupanga, kufunga, kuvuka, kufungua. Ukishaitazama kwa saa nzima umeshaielewa, na ukiitazama kwa siku nzima utaanza kuhesabu rangi za magari.

Hata hivyo Julai ndiyo iliyonifundisha namna chombo kinavyovuka, kwa sababu nilikuwa na joto la kutosha kusimama mahali pamoja. Mto Yukon una nguvu hapa. Ili kuipima nguvu hiyo, inatosha kukumbuka kwamba meli za mvuke za zamani, zile za gurudumu la nyuma, zilitumia takriban saa 36 kuteremka kutoka Whitehorse hadi Dawson, na siku nne hadi tano kupanda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo nahodha wa kivuko hakielekezi chombo kule anakotaka kufika. Akiondoka ukingoni hukigeuza gubeti lielekee juu ya mto, kikaenda ubavu kama kaa, mkondo ukikivuta kwenda chini na injini zikikisukuma kwenda ng'ambo, na mtu asiyejua angeapa kwamba kimekosea njia. Kikikaribia ng'ambo hukiachia kidogo, mkondo ukakileta wenyewe mpaka mahali pake, daraja likateremshwa juu ya kokoto kwa mlio mmoja mzito. Safari nzima ni dakika chache. Nahodha mzuri, nilikuja kutambua, ni yule ambaye mlio wake wa mwisho hausikiki sana.

Nimesema kokoto, na hilo ndilo jambo ambalo wapita njia hawaliangalii. Pande zote mbili hakuna gati la saruji. Kuna ulimi wa kokoto uliosukumwa mtoni kwa mashine, na kwa kuwa maji hupanda na kushuka, ulimi huo hautulii. Maji yakipanda unamezwa, yakishuka unabaki juu mno na daraja la kivuko linaning'inia hewani. Basi kuna tingatinga linalokaa karibu, na dereva wake ni sehemu ya kikosi cha kivuko kama alivyo nahodha, ingawa yeye hapigwi picha. Husukuma kokoto, hurudi nyuma, hushindilia kwa magurudumu, hutazama chombo kinavyokaa, kisha huongeza nusu koleo. Niliwahi kumtazama akirekebisha ulimi huo mara tatu kwa sababu ya lori moja zito lililokuwa likisubiri, na lori lilipopita halikutikisika. Kwangu mimi hiyo ilikuwa tamasha kuliko jumba lolote la maonyesho mjini.

Maji yenyewe yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Mto White, unaoingia Yukon juu ya Dawson, huleta majivu ya volkano na unga wa mawe uliosagwa na barafu ya milimani, na tangu hapo Yukon yote huwa na rangi ya chai ya maziwa. Klondike kwa upande wake huja na maji maangavu yasiyo na tope, na maji hayo hayachanganyiki mara moja. Huandamana na ukingo wa mjini kama utepe mweusi kando ya utepe wa kahawia. Ukiwa juu ya kivuko unauona mpaka huo ukipita chini yako. Injini zikipungua sauti, inamia upande wa chombo usikilize: ule unga wa mawe unaposugua chuma hutoa sauti nyembamba isiyokoma, kama mchele unaomiminwa taratibu kwenye sinia. Baharia mmoja aliniona nimeinama akadhani natapika.

Sasa Oktoba. Nilipofika, majani ya mibetula yalikuwa yameshaanguka, vilima vilikuwa na theluji kuanzia nusu yao kwenda juu, na biashara nyingi za mjini zilikuwa zimefungwa hadi mwaka ujao. Jua lilikuwa linachomoza baada ya saa 3 asubuhi, kwa saa zetu za Kiswahili, jambo lililonichekesha kila siku, maana saa ya kwanza ya mchana ilinikuta bado kwenye giza totoro. Magari-nyumba yalikuwa yameondoka, kwa kuwa kituo cha mpakani na Alaska kwenye barabara ile hufungwa mwezi Septemba. Waliobaki kukitumia kivuko walikuwa wenyeji, na wenyeji katika juma la mwisho la msimu hawavuki kwa matembezi.

Ng'ambo ya mto wanaishi watu wa West Dawson, katika nyumba zilizotawanyika msituni, bila umeme wa gridi. Kivuko kikisimama, watu hao hukatika na mji mpaka barafu iwe nene kiasi cha kukanyagwa, na hakuna tarehe ya kalenda inayowaambia ni lini. Kwa hiyo nilichokiona ndani ya siku sita kilikuwa kama sokoni siku ya mwisho kabla ya sikukuu. Yalipita mapipa ya mafuta ya taa yaliyofungwa kwa minyororo, mitungi ya gesi, magunia ya chakula cha mbwa, mbao, betri za umeme wa jua, na kochi moja la rangi ya kijani lililofungwa juu ya gari dogo kwa kamba isiyotosha. Mzee mmoja alivuka kwa miguu akiwa na paka ndani ya kikapu, na jioni akarudi bila paka. Kutoka upande wa magharibi yalikuja malori yaliyobeba mashine za wachimbaji wa dhahabu wa bonde la Sixtymile, zenye matope yaliyoganda, kwa kuwa ardhi ikishashikwa na baridi uchimbaji wa kuosha changarawe hauwezekani tena. Kila mzigo ulikuwa na shauri lake. Mabaharia walizunguka lori wakilipima kwa macho, wakanong'onezana kwenye redio na nahodha, wakalirudisha nyuma, wakaweka gari dogo upande mmoja kusawazisha, na ndipo wakalikaribisha tena kwa ishara ya vidole viwili.

Siku ya kwanza barafu ilikuwa chache: sahani za mviringo zikielea moja moja, kingo zake zimeinuka kwa kugongana na kusuguana, mfano wa chapati zilizopindwa ukingo. Siku ya tatu zilikuwa zimeenea hadi theluthi ya mto. Siku ya tano zilikuwa zimejaa ukingo hadi ukingo, zikiteremka kwa mwendo mmoja na kusaga kwa sauti niliyoisikia hata kitandani. Kivuko kilibadilisha mwenendo wake. Nahodha alisubiri upenyo, akaingia, akakigeuza chombo ili barafu ikipige ubavuni badala ya kujazana chini ya daraja la mbele, na safari ya dakika chache ikawa ya robo saa na zaidi. Mara moja alirudi alikotoka, akasimama, akajaribu tena. Hakuna aliyepiga honi.

Siku hiyo ya tano nilivuka mara tisa, nikiwa mtembea kwa miguu, na hapo ndipo nilipoiona kazi kwa karibu kuliko siku zote. Kwenye bawaba za daraja la mbele maji yalikuwa yakiruka na kuganda papo hapo, safu juu ya safu, mpaka chuma kikaonekana kimevikwa kioo. Baharia, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli la rangi ya chungwa, alikuwa na mtalimbo mrefu. Hakupiga kwa nguvu. Aliweka ncha ya mtalimbo kwenye ufa, akaegemea kwa uzito wa mwili, barafu ikafumuka kipande kirefu kama ganda la muwa, akakisukuma majini kwa kiatu. Kisha akachota mchanga kwenye ndoo na kuutawanya mahali ambapo magurudumu yangepita, mkono ukizunguka kama wa mtu anayepanda mbegu. Alifanya hivyo kila safari, upande huu na upande ule. Nilipomwuliza kama wanajua siku ya kusimamisha kivuko, alisema kwamba mama yake anaishi ng'ambo na ameshanunua chakula cha mbwa cha wiki nane. Nililichukua hilo kuwa ndilo jibu.

Kinachofuata baada ya kivuko kusimama nacho ni sehemu ya huduma, ingawa si ya kutazamwa na mgeni wa siku sita. Mto ukishaganda, njia ya magari hupimwa na kufunguliwa juu ya barafu yenyewe, na watu huendesha pale pale ambapo kivuko kilipita. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Lakini katika majira ya baridi ya 2016 hadi 2017 mto ulibaki wazi mbele ya mji, na yaliyofuata, ya 2017 hadi 2018, hali ikajirudia. Serikali ilijaribu hata kurusha maji hewani ili yagande na kujenga daraja la barafu, na mto ukakataa. Wenyeji walitafuta njia nyingine, mbali na pale pa kawaida. Dawson ina kumbukumbu za siku ya barafu kuvunjika tangu 1896, na mjini hufanyika mchezo wa kubahatisha siku na dakika ya kuvunjika huko, kwa hiyo watu hawa hawababaishwi kirahisi na mto. Hata hivyo mazungumzo niliyoyasikia juu ya majira hayo mawili yalikuwa ya sauti ya chini.

Mahali pa kukaa mtazamaji ni patatu, na havilingani. La kwanza ni tuta la kuzuia mafuriko linaloambaa na mto mbele ya mji, lililokamilishwa 1987 baada ya mafuriko makubwa ya 1979. Juu yake kuna njia ya kutembea, na kutoka mwisho wake wa kaskazini unakiona kivuko tangu kinapoondoka hadi kinapofika. Ni pazuri kwa jicho na pabaya kwa masikio, maana upepo wa mtoni haukutani na kizuizi chochote, na Oktoba nilidumu dakika 40 kwa zamu. La pili ni kilele cha Midnight Dome, nyuma ya mji, ambapo unaona mito miwili ikikutana na kivuko kikiwa kidogo kama kiberiti. Kwa picha ni hapo. Kwa kuelewa kazi, hapana. La tatu, ambalo ndilo langu, ni juu ya kivuko chenyewe. Panda kwa miguu, simama pale unapoelekezwa, usivuke kamba, usizungumze na baharia wakati daraja linapanda au kushuka, na ukishafika ng'ambo shuka, usubiri wenye magari wapande, urudi. Baada ya safari ya tatu watakuzoea, na baada ya ya tano mmoja atakuonyesha pa kusimama ambapo moshi wa injini unakukinga na baridi.

Ukiwa upande wa magharibi, usirudi kabla ya kutembea kuelekea chini ya mto, kupita kambi ya mahema, kwa muda usiozidi nusu saa. Maji ya Oktoba ni ya chini, na njia ya ukingoni ambayo Julai niliikuta imefunikwa nusu ilikuwa kavu. Hapo msituni yamelala mabaki ya meli saba za gurudumu la nyuma, mbao zikiwa zimelaliana kama kadi zilizotupwa, boila zimetua juu ya udongo, miti imeota katikati ya mbavu. Majina ya baadhi yake yanajulikana: Julia B., Seattle No. 3, Schwatka, Victorian. Hazikuzama wala hazikugonga mwamba. Mahali hapa palikuwa bandari ya kupandishia meli nchi kavu kila msimu wa majani kuanguka, ili barafu isizivunje, na meli hizi zilipandishwa kama kawaida, zikasubiri majira mengine, na majira mengine yakaja bila kazi. Lugha yetu ina neno zuri la kushusha chombo majini, kushua. Nilisimama pale nikilifikiria neno hilo. Kwenye shimo la boila moja mtu alikuwa ameacha glavu.

Meli ya aina hiyo iliyohifadhiwa vizuri iko mjini, juu ya ukingo: S.S. Keno, iliyoundwa Whitehorse mwaka 1922 kwa ajili ya kubeba madini ya fedha na risasi katika Mto Stewart, na ambayo mwaka 1960 ilifanya safari yake ya mwisho hadi hapa kwa nguvu ya mvuke wake yenyewe. Ni safi, imepakwa rangi, inapendeza. Nilikaa nayo dakika 10.

Kuna kazi nyingine ya vyombo ambayo zamani ingejaza mto huu mwezi Julai na ambayo sikuiona. Watu wa taifa la Tr'ondëk Hwëch'in wamevua samoni hapa kwa karne nyingi. Jina lenyewe Klondike limetokana na Tr'ondëk, neno lao linalohusu mawe ya kugongea vigingi vya nyavu za samoni mlangoni mwa mto huo. Kijiji chao cha Moosehide, ambako walihamia 1897 walipozidiwa na wachimba dhahabu, kiko mwendo mfupi chini ya mto. Lakini samoni aina ya Chinook wamepungua vibaya, na Aprili 2024 Kanada na jimbo la Alaska zilikubaliana kusitisha uvuvi wao katika Yukon kwa miaka saba, muda wa mzunguko mmoja wa maisha ya samaki huyo. Mashua nilizoziona zimefungwa ukingoni zilikuwa za usafiri na za kuwinda paa mkubwa wa kaskazini. Anayekwenda Dawson akitarajia kutazama nyavu zikivutwa ajue hilo mapema.

Kuhusu gharama, kivuko hakitozi chochote kwa mtu wala gari, na hilo huwashangaza wageni kiasi kwamba wengine huendelea kushika pochi hadi ng'ambo. Kinachogharimu ni kufika. Ama uruke kwa ndege hadi Dawson, ama ukodi gari Whitehorse na kuendesha kutwa nzima, na Oktoba hakikisha gari lina matairi ya majira ya baridi. Malazi ni machache wakati huo. Nyumba ya wageni niliyofikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kipasha joto kilichozimika kila usiku saa 9, na mwenye nyumba alikuja nacho kingine siku ya nne. Beba viatu vyenye soli nene, kofia ya kufunika masikio, na chupa ya chai. Hali ya kivuko hutangazwa pamoja na hali ya barabara katika huduma ya taarifa ya Yukon iitwayo 511, nami niliizoea kuiangalia kabla ya kunawa uso.

Niliyoyaandika juu ya uzuri wa Oktoba yana dosari moja ambayo lazima niikiri. Tukio kubwa la msimu, yaani siku ambayo chombo kinavutwa kutoka majini na kulazwa ukingoni kwa majira ya baridi, haliwekewi tarehe ya mbali, kwa kuwa barafu ndiyo inayoamua, na mtu mwenye ratiba ya ndege hucheza bahati nasibu. Mimi nilikuwa nimejiachia siku saba. Kampuni ya kukodisha magari, nayo sitaitaja, iliandika siku sita kwenye mkataba, nikatia saini bila kusoma, na nilipopiga simu kuomba siku moja niliambiwa gari lina mtu anayelisubiri. Asubuhi ya siku ya sita niliendesha kuelekea kusini gizani, barafu ikisaga upande wangu wa kulia, taa za kivuko zikiwa bado zinavuka.

Siku mbili baadaye, nikiwa Whitehorse, yule baharia wa ovaroli la chungwa alinitumia picha kwa simu, kwa kuwa nilikuwa nimempa namba yangu nikimwomba hivyo. Kivuko kiko juu ya magogo, kikubwa kuliko nilivyokikumbuka. Rafadha zake ziko wazi na zimening'iniza barafu, na chini ya mstari wa maji rangi imekwanguliwa hadi chuma cheupe. Pembeni, ulimi wa kokoto bado upo, tingatinga limeegeshwa juu yake, na alama za magurudumu zinaingia moja kwa moja kwenye barafu inayotembea.